Maumivu Yasiyoonekana kwenye Vipimo: Mwili, Nafsi na Tiba chini ya Mlima Meru

Miongoni mwa wagonjwa wanaofika kila siku katika zahanati, vituo vya afya na idara za wagonjwa wa nje za jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, wamo ambao miili yao inawauma kweli lakini vipimo vya damu, mkojo na choo pamoja na picha za eksirei havionyeshi chochote. Hulalamikia kichwa kinachogonga, moyo unaokwenda mbio, mwili unaowaka moto, ganzi ya mikono, mdudu anayetembea chini ya ngozi au uchovu usioondoka hata baada ya kulala usiku kucha. Katika uandishi wa kitabibu malalamiko ya namna hii huitwa dalili za mwili zisizo na maelezo ya kitabibu, yaani dalili ambazo mpimaji ameshindwa kuzihusisha na ugonjwa wa kiungo chochote; na tangu katikati ya karne ya 20 imezidi kuthibitika kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hao wana sonona, ambayo ni huzuni nzito ya muda mrefu inayomnyima mtu hamu ya maisha, au wana wasiwasi uliokithiri. Uhusiano huo haukuanza kujulikana Arusha siku madaktari walipoupa jina. Kwa zaidi ya karne moja wagonjwa hawa wamepokelewa na waganga wa jadi, na wamisionari, na serikali ya kikoloni, na makanisa, na hatimaye na mchungaji mstaafu mmoja katika kijiji cha mbali. Na ukiilinganisha milango hiyo, kilichowapa watu nafuu kinaonekana kuwa si nadharia ya mponyaji juu ya ugonjwa bali ni kama alikuwapo mtu wa kubaki na mgonjwa baada ya siku ya kwanza.

Waarusha, wanaosema Kimaa na waliohamia kwenye miteremko ya Meru katika miaka ya 1830, na Wameru waliokuwa wamewatangulia upande wa mashariki wa mlima, walikuwa wakulima wa migomba na wafugaji walioishi kwa ujirani wa karibu, ambapo ardhi, ng'ombe, ukoo na rika vilimfunga kila mtu kwa wenzake. Katika jamii ya namna hiyo maumivu yaliyokataa dawa za mizizi na magome hayakuchukuliwa kuwa jambo la mwili mmoja. Mganga, na kwa Waarusha hasa oloiboni, yaani mtaalamu wa ramli na tiba ambaye Waswahili humwita laiboni, aliuliza ni nani aliyekosana na nani, ni laana ya mzee yupi iliyoachwa bila kuondolewa, ni deni lipi la mifugo ambalo halikulipwa, kisha akaagiza watu wakutanishwe na kafara itolewe. Si haki kuisifu tiba hiyo kupita kiasi, kwa kuwa iliweza pia kumtwika jirani asiye na kosa lawama ya uchawi na kumwachia aibu isiyofutika. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ambayo taasisi zilizoifuata zilichelewa kuipata: ilichukua kwa uzito uwezekano kwamba mgongo wa mtu unaweza kuumwa kwa sababu ya ugomvi wa boma.

Utawala wa Wajerumani uliingia kwa umwagaji damu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na kisasi cha Kapteni Johannes kilichofuata kiliteketeza migomba na kupora ng'ombe kwa maelfu. Mwaka 1900 boma la mawe lilijengwa katika mahali ambapo leo ni katikati ya jiji. Misheni ya Leipzig, iliyokuwa imewatuma wamisionari hao, ilirudi na kuweka kituo Nkoaranga mwaka 1902 na kingine Ilboru mwaka 1904, na kutokana na mizizi hiyo huduma za afya za Kilutheri zikakua hadi kuwa hospitali. Tiba iliyoletwa ilikuwa na nguvu ya kweli mbele ya vidonda, mifupa iliyovunjika na uzazi uliokwama, na heshima iliyoipata kwa watu wa mlimani ilistahili. Lakini ilikuja na mgawanyo ambao haukuwapo kabla yake: mwili ulikuwa wa zahanati, roho ilikuwa ya mchungaji, na akili ilikuwa ya taasisi iliyojengwa mbali. Taasisi hiyo kwa upande wa Wajerumani ilikuwa Lutindi katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani na kugeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Kwa upande wa Waingereza waliowafuata ilikuwa Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Zote mbili zilipokea wendawazimu, yaani watu waliovua nguo barabarani, waliotishia jamaa zao au waliotupwa na ndugu waliochoka. Mama aliyeumwa kichwa kwa miaka mitatu huku akilima, akipika na kunyonyesha hakuwa na sababu ya kupelekwa Dodoma, wala hakukuwa na ugonjwa uliompa nafasi ya kitanda Nkoaranga.

Pengo hilo lilizaa kosa la kitaaluma lililodumu kizazi kizima. J. C. Carothers, daktari wa Kiingereza aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka mwaka 1953 akidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika, na akaieleza hali hiyo kwa nadharia za ubongo na malezi ambazo leo husomwa kama ushahidi wa ubaguzi wa zama zake. Udhaifu wa hoja yake haukuwa katika ubaguzi peke yake. Carothers aliwahesabu watu waliofikishwa Mathari, mara nyingi na polisi au mahakama, kisha akazungumza kana kwamba amewahesabu wote. Wenye huzuni hawakufikishwa huko kwa sababu hawakumsumbua mtu, na kama walitafuta tiba waliitafuta kwa jina la tumbo, mgongo au kifua. Utafiti uliofanywa na Thomas Adeoye Lambo na wenzake kutoka Marekani miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, uliochapishwa mwaka 1963, uliwafuata watu vijijini mwao na kuikuta sonona iliyosemwa kuwa haipo.

Wakati kitabu cha Carothers kinachapwa, maisha ya watu wa Meru na nyanda za Wamaasai yalikuwa yanabanwa kutoka pande zote. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu, na mwakilishi wao Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kulifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza pale. Kesi hiyo inajulikana vyema kama hatua ya siasa ya uhuru. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1951 hadi 1955, Mpango wa Maendeleo ya Umasai ulikuwa unachimba visima, unajenga minada ya ng'ombe na kuwachukulia wanaume kuwa ndio wenye mifugo, walipa kodi na wasemaji wa kaya. Dorothy Hodgson, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi na kufanya kazi Arusha katika miaka ya 1980 kabla ya kurudi kama mtafiti huko Monduli, ameonyesha kwamba haki za wanawake juu ya maziwa, ngozi na ng'ombe waliotengewa nyumba zao, zilizokuwa zikitambuliwa sambamba na haki za waume, zilimomonyoka kidogo kidogo kadiri fedha na amri za serikali zilivyopita mikononi mwa wanaume pekee.

Hapo ndipo lilipotokea orpeko. Neno hili la Kimaa, ambalo wataalamu hulihusisha na pepo la Kiswahili, lilianza kusikika katika miaka ya 1950 kama jina la ugonjwa mpya uliowashika wanawake, hasa walioolewa na walio katika umri wa kuzaa, na ambao kwa nadra sana ulimshika mwanamume. Dalili zake zingefahamika kwa tabibu yeyote wa zahanati: kichwa kuuma, moyo kudunda, joto kali tumboni au katika mji wa mimba, mgongo usiopona, kukosa hamu ya kula, ndoto za kutisha, unyong'onyevu wa siku nyingi, na katika baadhi ya wanawake, kutetemeka, kuanguka na kutoa sauti isiyokuwa yao. Arvi Hurskainen, mtafiti kutoka Ufini aliyeandika juu yake mwaka 1989, alikwenda mbali kiasi cha kuutazama kama mlipuko wa maradhi, akifuatilia ulivyotoka eneo moja kwenda jingine, na njia hiyo ina manufaa yake, ingawa inaweza kumsahaulisha msomaji kwamba kilichosafiri hakikuwa kijidudu. Kilichosafiri kilikuwa namna ya kuumwa: mfano uliokubalika wa jinsi dhiki inavyoweza kuonekana mwilini, ambao mwanamke aliyelemewa aliweza kuuingia bila kukusudia na bila kudanganya.

Jambo hili la mwisho linahitaji kukaziwa, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, katika hospitali na nje yake. Aliyeshikwa na orpeko hakuwa akiigiza. Joto la tumbo alilihisi, na usingizi ulimkimbia kweli, kama vile mwanafunzi anayeharisha asubuhi ya mtihani anavyoharisha kweli. Kila jamii huwapa watu wake orodha fupi ya njia za kuugua zinazoeleweka na kuhurumiwa, na mwili, ambao hauna lugha nyingine ya kutumia, hufuata njia zilizokwisha kufunguliwa. Ulaya ya karne ya 19 iliwapa wanawake wake kupooza, kuzimia na upofu wa ghafla, mambo ambayo daktari Jean-Martin Charcot aliyaonyesha hadharani Paris kwa jina la histeria. Umasai wa karne ya 20 uliwapa orpeko.

Laiboni alishindwa. Wagonjwa na jamaa zao walishikilia kwamba dawa zake hazikuwa na nguvu juu ya pepo hili, na hospitali nazo zilipima zikarudisha watu nyumbani. Tiba iliyokubalika ilikuwa ubatizo, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki vilevile, kiasi kwamba katika miaka ya 1970, wakati ukame na Operesheni Imparnati, yaani kampeni ya serikali ya kuwahamishia Wamaasai katika vijiji vya kudumu, vilipoyavuruga maboma upya, wanawake walifurika katika mafundisho ya dini, wengine wakiwa wanaumwa na wengine wakiwa na hofu ya kuumwa. Wamisionari hawakuwa wamelitegemea jambo hili. Mapadri wa Roho Mtakatifu, akiwamo Vincent Donovan aliyefanya kazi Loliondo tangu katikati ya miaka ya 1960, walikuwa wamepania kuwapata wanaume, wazee wa boma na wapiganaji, kwa kuamini kwamba wake zao wangefuata; walichopata ni kanisa la wanawake, na wapo waliolionea aibu. Waume, kwa upande wao, walilazimika kuwaruhusu wake zao kwenda kusali, kwani ni nani angemzuia mgonjwa asifuate dawa?

Kilichoponya, kama kinavyoweza kuchambuliwa kwa macho ya leo, hakikuwa maji ya siku moja. Mafunzo ya ubatizo yalichukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, na katika muda huo mwanamke alitoka nyumbani mara kwa mara bila kuulizwa, akakaa chini ya mti na wanawake wa maboma mengine, akaimba, akasikia wenzake wakisema yale yale aliyoyadhani kuwa ni yake peke yake, akapewa jina jipya na kazi ndani ya jumuiya. Kama tabibu wa afya ya akili angeombwa leo kubuni mpango wa gharama ndogo kwa ajili ya wanawake wenye sonona katika nyanda zile, asingefika mbali sana na hapo. Kanisa lilifanya hivyo likiamini kwamba linatoa pepo, na hospitali za kanisa lilelile, zilizokuwa kilomita chache kutoka kwenye mti huo, ziliendelea kugawa vidonge vya kutuliza maumivu.

Mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya uhuru, upande wa pili wa nchi, kilitokea kisa ambacho kimeifanya Tanganyika itajwe katika vitabu vya elimunafsia kote duniani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wilaya ya Bukoba ya wakati huo, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na waliporudishwa makwao hali hiyo ikaenea hadi Nshamba na shule nyingine. A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, mganga wa serikali Bukoba, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu katika chakula, hawakukuta kitu, na mwaka 1963 wakachapisha taarifa inayonukuliwa hadi leo. Simulizi za baadaye zimeligeuza tukio hilo kuwa kichekesho, jambo ambalo wasichana wale, waliochoka, waliokimbia huku na huko kwa hofu na walioshikwa kwa nguvu wasijiumize, hawakustahili. Kwa historia ya Arusha umuhimu wake ni kwamba madaktari walikiri kwa maandishi, pengine kwa mara ya kwanza nchini, kwamba mamia ya watu wanaweza kuugua mwilini bila ugonjwa wa mwili.

Azimio la Arusha la 1967 na sera zilizofuata ziliisogeza zahanati karibu na watu kuliko wakati wowote uliotangulia, na kwa hiyo maumivu yaliyokuwa yakiishia kwa mganga au mchungaji yakaanza kupanga foleni mbele ya tabibu. Katika nchi jirani na kwingineko watafiti walianza kuwahesabu wagonjwa wa namna hii. D. M. Ndetei na J. Muhangi waliripoti mwaka 1979 kwamba mmoja kati ya kila watano waliofika katika kliniki ya vijijini nchini Kenya alikuwa na tatizo la akili. Mwaka 1980 T. W. Harding na wenzake, wakifanya kazi chini ya Shirika la Afya Duniani katika Sudan, India, Ufilipino na Colombia, waliripoti kiwango cha asilimia 13.9 ya wagonjwa 1,624, wakabaini kwamba wengi wao walikuja kulalamikia kichwa, tumbo, kikohozi au udhaifu, na kwamba wahudumu waliwatambua theluthi moja tu. Kutokana na kazi hiyo lilitokea dodoso fupi la maswali 20 ambalo bado linatumika. Swali lake la kwanza halihusu huzuni wala hofu, linauliza kama mtu huumwa kichwa mara kwa mara.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyafanyia kazi matokeo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ukiwafundisha wahudumu wa zahanati kutambua na kutibu maradhi ya akili hukohuko waliko. Kilimanjaro ni jirani wa mlango na Meru, na mawazo hayo yalivuka mpaka wa mkoa kupitia wauguzi na matabibu waliohamishwa. Lakini mafunzo yalielemea zaidi kwenye kifafa na magonjwa mazito ya akili, kwa sababu hayo yalikuwa na dawa za kugawa na dalili zisizobishaniwa, na mgonjwa wa kichwa kinachogonga akabaki palepale.

Sababu za kimaumbile zinazounganisha dhiki na maumivu, wakati huo, zilikuwa zimekwisha kufahamika vya kutosha kufundishwa. Mtu anapotishwa, sehemu ya mfumo wa neva inayofanya kazi bila kungoja nia yake huuandaa mwili kukimbia au kupigana: tezi zilizo juu ya figo humimina homoni ya adrenalini, moyo hukaza mwendo, misuli ya shingo na mgongo hujikaza, na mmeng'enyo wa chakula huvurugika. Mwenye hofu hupumua haraka, na kupumua huko hupunguza kabonidioksidi katika damu hadi vidole vikafa ganzi na kichwa kikazunguka. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, kwa sababu tishio lenyewe ni deni, mume au shamba lililouzwa na si simba wa kukimbiwa, misuli iliyojikaza huuma, usingizi hukatika, na ubongo ulionyimwa usingizi huzidisha ukali wa kila taarifa ya maumivu inayoufikia. Hakuna katika mlolongo huu kinachostahili kuitwa uongo au uvivu.

Badala ya maelezo hayo, wagonjwa wengi walipewa jina la ugonjwa uliokuwa karibu na kalamu. Rejesta za mfumo wa taarifa za afya, zinazojulikana kwa kifupi kama MTUHA, zinamtaka tabibu ajaze utambuzi, na utambuzi uliozoeleka ni malaria, taifodi, maambukizi ya njia ya mkojo, vidonda vya tumbo. Jinsi mazoea hayo yanavyoweza kutawala ilionekana hata kwa wagonjwa wenye homa ya kweli: kati ya watu 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, ambao John Crump na wenzake waliwachunguza na kuripoti mwaka 2013, asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, na vipimo vya maabara vikaithibitisha kwa asilimia 1.6 tu. Baadhi ya waliosalia walikutwa na maambukizi mengine, yakiwamo leptospirosisi na brusela, maradhi yanayotoka kwa wanyama.

Takwimu hizo zinakata pande zote mbili, na ingekuwa hatari kuzitumia upande mmoja. Brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo, huleta uchovu, jasho na maumivu ya viungo kwa miezi, na mfugaji aliyeambiwa kwamba ana mawazo mengi wakati ana brusela amekosewa vibaya kuliko aliyepewa dawa ya malaria bure. Mlima Meru wenyewe una mtego wake. Ni volkano, na miamba yake huingiza floridi katika chemchemi na mito, hasa upande wa Engare Nanyuki na Oldonyosambu, kwa viwango vinavyozidi mara nyingi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1964 P. Grech na M. C. Latham walikwisha kueleza madhara yake kwa mifupa ya watu wa kaskazini mwa Tanganyika, na kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikitafiti namna ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Meno ya kahawia kila mtu huyaona. Mgongo unaokakamaa na magoti yanayouma kwa mtu mzima aliyekunywa maji hayo tangu utotoni huonekana kwa anayejua kuyatafuta, na asiyejua anaweza kuandika kwa urahisi kwamba maumivu hayana maelezo.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 wagonjwa waliotawanyika katika rejesta hizo zote walionekana pamoja. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, alikuwa ameanza katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kutoa kikombe kimoja cha maji ya mizizi ya mti ambao wenyeji Wasonjo huuita mugariga, kwa shilingi 500, akisema ameonyeshwa na Mungu ndotoni; na alitaja ukimwi, kisukari, pumu, saratani na shinikizo la damu kuwa magonjwa yanayopona. Kufikia Machi foleni ya magari ilikuwa na urefu wa kilomita nyingi, stendi ya Arusha iligeuka kituo cha mahujaji kutoka Kenya, Uganda na mbali zaidi, mawaziri na wabunge wakanywa, na Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati akamtetea hadharani. Hasara yake haifai kupunguzwa: wagonjwa mahututi walitolewa wodini na baadhi wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi au za kisukari, magonjwa ambayo kikombe hakikuyagusa.

Hata hivyo, wengi waliorudi wakishuhudia kwamba wamepona hawakuwa wakisema uongo. Daktari wa Kimarekani Henry Beecher alieleza mwaka 1955 jinsi dawa bandia, isiyo na kemikali yoyote ya kutibu, inavyoleta nafuu kwa wagonjwa wengi wanaoitarajia. Na nafuu hiyo huwa kubwa zaidi katika maumivu, uchovu, wasiwasi na kukosa usingizi, yaani katika orodha ileile ya wagonjwa wasioonekana kwenye vipimo. Mtu aliyekopa nauli, akalala siku kadhaa barabarani miongoni mwa wenzake, akaombewa na mzee aliyemtazama usoni na kumpa kikombe kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amepata matazamio makubwa kuliko zahanati yoyote ingeweza kumpa. Tofauti ya Samunge na mafundisho ya ubatizo ilikuwa katika yaliyofuata. Kikombe kilinywewa mara moja, basi likageuza, na mtu akarudi kwenye deni na nyumba ileile. Ndani ya miezi michache foleni zikapungua, na Mwasapila alipofariki tarehe 30 Julai 2021 barabara ya Samunge ilikuwa imetulia kwa muda mrefu.

Utafiti ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba watu kama hao hukusanyika mahali pasipo na maabara. M. C. Ngoma, Martin Prince na Anthony Mann walipowachunguza wagonjwa jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walikuta matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi, kwa asilimia 24 ya waliohudhuria vituo vya afya ya msingi na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Matokeo mengine, yasiyotajwa sana katika mijadala ya Afrika Mashariki ingawa yangepaswa kutajwa mbele ya mengine, yalitolewa mwaka 1999 na Gregory Simon na wenzake waliotumia takwimu za nchi 14: kati ya wagonjwa 1,146 wenye sonona katika huduma za kawaida, asilimia 69 walieleza dalili za mwili pekee kuwa sababu ya kuja, na kiwango hicho kilipanda zaidi katika vituo ambavyo mgonjwa hakuwa na daktari anayemjua na kumrudia. Walipoulizwa moja kwa moja juu ya huzuni na hofu, walio wengi walizikubali; asilimia 11 tu ndio waliokataa kuwa nazo. Imani ya kale kwamba Mwafrika au Mwasia hugeuza huzuni kuwa maumivu kwa kukosa maneno haikusimama mbele ya hesabu hizo. Mtu humwambia mgeni aliyevaa koti jeupe, ambaye hatamwona tena, habari za goti lake.

Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa nao ulibadilika taratibu kuelekea huko. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa maradhi ya akili wa mwaka 2013 na toleo la 11 la uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, viliacha kuwataka madaktari wathibitishe kwanza kwamba dalili haina sababu ya kimwili ndipo wahudumie upande wa nafsi. Kinachotazamwa sasa ni uzito wa mateso na jinsi yanavyoyatawala maisha ya mgonjwa, awe na ugonjwa mwingine au asiwe nao. Katika zahanati ya Oldonyosambu hiyo ina maana kwamba mwanamke ambaye magoti yake yamekakamaa kwa floridi anaweza kutibiwa sonona pia, bila kimoja kukifuta kingine, mradi tabibu aliyemsikiliza mwezi huu awe hajahamishiwa wilaya nyingine mgonjwa atakaporudi mwezi ujao.